Akiitwa, Wewe Sema Nipo

Tarehe 4 Mei

Mwanangu,

Mama yako amekufa. Jumamosi asubuhi. Ni huu ugonjwa.

Salamu sasa. Hujambo? Mjukuu wangu hajambo? Mimi mzima. Wamenipima, wamesema sina.

Simu alikwenda nayo alikolazwa, haijarudi. Ndiyo maana naandika. Barua anakuletea dereva wa lori la kabichi, yeye ana ruhusa ya kupita kizuizini. Jibu mpe huyo huyo.

Utaniuliza ilikuwaje. Sijui. Nilimpeleka hospitali, wakasema wagonjwa wa kifua kaunti imewahamishia ukumbi wa mikutano. Ukumbini wakamchukua mlangoni, mimi wakaniambia nirudi nyumbani. Kwenda tena kuuliza, naambiwa maswali yanajibiwa maktaba. Maktaba dada mmoja akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema mume. Akasema pole. Nikajua.

Kuzika wamezika watu wa kaunti, wamejifunga manailoni meupe mpaka vichwani. Mimi nilisimama nyuma ya kamba. Maisha yangu yote nachimba mitaro ya kaunti hii. Siku hiyo hata jembe sikupewa.

Baba yako


Tarehe 11 Mei

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima wa mwili tu. Barua yako nimeisoma nimesimama getini, dereva akaniuliza kama nataka maji.

Nilitoka siku ile ile na mtoto mgongoni. Kizuizini wakanirudisha. Huko hakuingiliki, huku hakutokeki, inapita mizigo peke yake. Nikamwambia askari, basi niandike mimi ni mzigo. Hakucheka.

Baba, sikiliza. Kiwanda cha kushona kimefungwa. Walisema twende nyumbani, tutaitwa. Hatuitwi. Mwenye nyumba anataka chumba chake. Kilichobaki cha kutuweka mimi na huyu mtoto ni nafasi ya Mama sokoni. Usiiache ichukuliwe. Nikipata njia nakuja kuuza mwenyewe. Najua hujawahi kuuza hata kiberiti, wewe kaa pale tu.

Unakula?

Mwanao


Tarehe 19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nakula.

Soko halipo pale tena. Kaunti imelihamishia uwanja wa shule, watu wasibanane. Wamechora miraba kwa chokaa, kila muuzaji na mraba wake. Leo wanauza nusu, kesho nusu nyingine. Kuna mapipa ya maji, unanawa kuingia, unanawa kutoka. Ushuru wamesamehe. Hilo zuri, nisiseme uongo.

Sasa. Asubuhi karani wa soko anapanda kwenye kiti, anaita majina kwa kipaza sauti. Asiyeitika, mraba wake anapewa anayengoja nje ya uzio. Wanaongoja kama siafu.

Akamwita mama yako. Lile jina la sokoni, Mama Tele. Muuza mayai, jirani yake wa siku zote, akanirushia kokoto. "Baba Tele, itika! Umemeza ulimi?" Nikasema nipo.

Baadaye nikamfuata karani. Nikamwambia mwenye jina amekufa, andika la binti yangu. Akasema kubadili jina ni ofisi ya biashara, na ofisi ya biashara siku hizi inafanyia kazi nyumbani. Nyumbani kwa nani? Hajui. "Mzee wangu, kwa sasa akiitwa, wewe sema nipo."

Basi nasema.

Nyanya nauza vibaya. Mama mmoja ameniuliza, hizi nzuri? Nikamwambia nyanya ni nyanya. Muuza mayai anasema nikiendelea hivi nitamkimbizia na wateja wake.

Msimamizi wa mitaro ameuliza narudi lini. Nimesema sijui.

Baba yako


Tarehe 27 Mei

Baba,

Shikamoo. Nyanya ni nyanya! Nimecheka mpaka mtoto akaja kuniangalia, halafu nikalia. Mama angekuchapa mwiko.

Hilo la jina lisikuumize kichwa. Ni jina tu kwenye kipaza sauti. Itika, siku ziende.

Nimeomba kibali cha kusafiri. Kinatolewa posta. Nimekwenda posta, dirisha limehamia uwanja wa mpira. Uwanja wa mpira wanasema kwanza upimwe, na wanaopima wako posta. Nitazunguka hivyo hivyo mpaka wanichoke.

Usiiachie nafasi ile, Baba.

Mwanao


Tarehe 6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mwili mzima. Kichwa ndicho sikielewi.

Unasema ni jina tu. Huitiki wewe.

Asubuhi naamka nasema harakisha, utaitwa hupo. Namwambia nani? Juzi mteja kauliza bei ya fungu la mchicha. Nikamwambia ngoja, mwenyewe anakuja. Akangoja. Na mimi nikangoja. Muuza mayai ndiye aliyekuja kumhudumia. Siku hiyo hakunitania.

Wengine wanadhani yupo kweli. Kwa barakoa hizi watu hawajuani. Mmoja kaniambia msalimie Mama Tele, mwambie tumemkosa. Nikasema zimefika.

Nikiitika naona kuna mtu namdanganya. Sijui ni karani, sijui ni yeye, sijui ni mimi. Nisipoitika nakutupa wewe na mtoto. Hapo ndipo nilipokwama. Niambie nifanye nini. Upesi.

Baba yako


Tarehe 14 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Lori limekuja, dereva mikono mitupu. Likaja tena, vile vile. Anasema amegonga kwako, hakuna mtu.

Kama unaumwa sema. Kama umekasirika sema pia. Mimi kusubiri nje ya mlango nimechoka.

Baba yako


Tarehe 17 Juni

Baba,

Shikamoo, na unisamehe. Hatuumwi. Sharti la kibali ni kukaa karantini kwanza. Walituchukua ghafla, wakatuweka bweni la shule, hata kutuma barua hawakuruhusu. Nimetoka leo, ndiyo nakuta barua zako mbili chini ya mlango.

Kibali ninacho mkononi! Naja Jumapili na lori hili hili, mimi na mtoto, kati ya kabichi.

Najua inakuuma. Nimesoma ile ya mteja mara nyingi. Lakini zimebaki zamu chache mno, Baba. Ziitikie. Nikifika nitaitika mwenyewe.

Mwanao


Tarehe 18 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimeshukuru mko wazima. Nilishafikiria mengine.

Barua yako nimeipata leo mchana. Ingekuja asubuhi.

Asubuhi karani aliita Mama Tele. Nikasema hayupo.

Akaita tena, alidhani hakusikia vizuri. Muuza mayai akapiga kelele, "We Baba Tele, sema upo! Binti yako je?" Nilimsikia. Nilijua nakukosesha nini. Nikasema hayupo, mwenyewe tumemzika, msimwite tena.

Karani akashuka kwenye kiti, akavua kofia, akasimama hivyo. Halafu akapanda tena akampa mraba mwanamke mmoja wa vitunguu, mjamzito. Sheria ni yao, sikumlaumu. Yule mwanamke hakutaka kuingia mpaka mimi nitoke. Nikakusanya nyanya nikatoka. Muuza mayai alinisindikiza mpaka kwenye mapipa, ananitukana huku analia.

Sijui kama nimefanya vizuri. Nimetembea tangu asubuhi najiuliza. Uliniomba kitu kimoja na nimekunyima. Ukitaka kunigombeza, nigombeze ukifika.

Maana utafika. Usirudi nyuma kwa sababu ya mraba. Mkae hapa, chumba kipo. Kitanda mtalala nyinyi, mimi nina mkeka. Mtoto hatalala njaa nikiwa na mikono.

Dereva anapiga honi, anataka kuondoka. Nimeshaonana na msimamizi. Mtaro wa nyuma ya ukumbi ule wa mikutano umeziba, watu wa kuchimba hawamtoshi.

Kesho narudi kazini.

Baba yako