Salamu za Tanuruni

Januari 14

Mpendwa dada Ingalill,

Sisi huku hatujambo. Theluji imefika dirishani, na paka amezaa watatu. Huko Malmö kwenu nasikia ni mvua tu.

Jirani yangu Märta bado anakuja kunywa kahawa. Akishavua viatu mlangoni, hushika bomba la ukutani linalopasha nyumba joto, kabla hata ya kunisalimu. Juzi akashtuka.

"We Gunvor, mbona limepoa hivi? Kiwanda kimezimwa?"

"Kinafanya kazi. Nimelifunga mimi."

"Na baridi hii? Unataka kufa?"

Nikammiminia kahawa. Unajua maji yanayopasha nyumba zetu hupata joto lake kwenye tanuru la kuyeyushia chuma pale kiwandani. Torsten akienda zamu alikuwa akiniambia, "Mke wangu, ukishika bomba, ujue nakusalimu." Alifia pale pale tanuruni mwezi Novemba, na salamu ziliendelea kuja kama kawaida. Ndiyo maana niliyafunga mabomba yote.

Jana nilifungua moja, la chumbani. Nikaanika soksi za Torsten juu yake kama kila alipotoka kazini. Nilikaa nikizigeuza mpaka jioni, nazo zilikuwa kavu tangu Novemba.

Wabusu watoto.

Mdogo wako,
Gunvor