Jina Kwanza

Point, Durban
Jumapili

Yaya Espérance, dada yangu mkubwa,

Natumaini watoto wamepona mafua. Chumba changu ni kile kile: kitanda kimoja, kikombe kimoja.

Kila Jumamosi ninapanda mtaa wa Berea, kwenye chama cha wanafunzi wanaotufundisha sisi wahamiaji kuzungumza na watunga sera za afya. Una dakika mbili: useme jina lako, ulichokiona, unachoomba. Mimi kila mara husahau jina. Papy, mwalimu wetu, hunicheka: "Mama karani, wewe ni nani? Redio?"

Nilichokiona, Yaya, nilikifanya mwenyewe. Mwezi uliopita msimamizi wa kliniki yetu alitukataza makarani kuwaandikisha wagonjwa wasio na karatasi za ukaazi. Akaja mama mjamzito anayetokwa damu, akaniomba kwa Kiswahili chetu cha Bukavu. Nilimjibu kwa Kiingereza, kana kwamba sikumwelewa, nikafunga dirisha. Sijui alikwenda wapi.

Alhamisi kamati ya afya ya jimbo itasikiliza watu. Nikijitaja nitafukuzwa kazi, na kibali changu cha kukaa kinakaribia kuisha. Nilimwuliza Papy kama naweza kusema bila jina. Safari hii hakucheka. "Eish, dada, watasema ni uvumi tu."

Huku sina mwingine wa kumweleza. Usimwambie Mama.

Leo baada ya misa nimejaza fomu ya wasemaji wa Alhamisi, jina langu kamili juu. Basi naliandika tena hapa, nilizoee, badala ya lile Dédé mnaloniita nyumbani.

Mdogo wako,
Deborah Nabintu,
karani wa mapokezi