Chai ya Saa Nne Mukurweini

Mpendwa Mama Njeri,

Natumaini kikohozi kimekuacha. Hapa ni baridi, lakini nduma za kuchemsha za huku ni tamu. Meneja wa kiwanda hiki cha kahawa, aliyeniita niwafunze watu wake kazi, amewakataza waoshaji na waanikaji kunywa chai pamoja. Anasema ni soga. Kila habari iandikwe kwenye fomu. Juzi fomu ya waoshaji ilichelewa kuwafikia waanikaji, na kahawa ya wakulima ikaota ukungu kwenye meza za kuanikia.

Leo saa nne nilichukua kikombe changu nikaketi kati ya waanikaji. Waoshaji wakanifuata.

"Guka, babu yetu, karibu!" akasema Wangari, mwanikaji. "Na nyinyi wa matangi ya kuoshea, mbona kahawa ya leo iko na maji hivi?"

"Tumeitoa mapema, mvua inakuja," mwoshaji akajibu. "Anikeni nyembamba, mgeuze kila saa."

Wakaenda wakafanya hivyo.

Meneja akafika. "Mzee, umevunja amri."

"Ni kweli. Vuta kiti."

Hakuketi. Amesema nikirudia kesho atanifukuza. Kesho nitakuwa pale pale na kikombe changu. Basi, mpenzi, Alhamisi nitakuwa nyumbani; uwe umepika mukimo wa viazi, na usinipe pole ya kufukuzwa.

Wako daima,
Baba Njeri