Vyungu Ulivyomwachia Chebet

Mama,

Nakuandikia mwenyewe kabla Chebet hajanisemea kwako kwenye maombi yake, maana unajua anavyoomba. Tangu tulipokuzika nimekuwa na wivu. Bado ninao.

Vyungu vyako saba vya maua vilibaki kwake. Ndiye mke wa kaka yangu Kiprono, ndiye aliyeishi nawe hapo Kapkatet, na mimi mwanao wa kuzaa niko Mulot nauza unga, nakuja Krismasi. Hayo nayaelewa. Lakini ulipoanza kuzidiwa ulisema mbele yetu sote, "Vyungu ni vya Chebet," na hukunitazama. Mama, vyungu vile tulivinunua Sotik mimi na wewe. Nilibeba vinne, ukabeba vitatu, ukanicheka njia nzima kwa sababu nilitembea kama bata.

Mwezi wa nane nikaenda kumwomba kimoja. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, maneno yote nilikuwa nayo. Akasema tu, "Chagua, wifi." Hiyo iliniuma kuliko kama angeninyima.

Nilichukua kile kikubwa chenye maua mekundu. Upande mmoja kilikuwa na michirizi myeupe, kutoka mdomoni mpaka chini, imekauka na kuwa migumu. Nilijua ni chumvi ya mbolea ya chai. Kila Jumamosi ulikoroga kijiko kimoja kwenye kikombe cha bati, ukasema chungu kinachokula lazima kitoe jasho. Nilijua, lakini roho yangu mbaya ikasema: tazama mkaza mwana anayesifiwa kanisani, hata kuosha chungu kumemshinda. Nikakisugua kwa siki na waya wa sufuria mpaka kikawa chekundu kama siku ile ya Sotik. Nikakipiga picha, nikamtumia. Nilitaka aone haya.

Akanipigia simu. "Wifi, kwani umeitoa? Hiyo nyeupe ilikuwa ya Mama. Mkono ilikuwa inatetemeka, maji ya mbolea inamwagika hapo mbele, upande wa kiti yake. Kiprono alitaka kuosha, mimi nikakataa."

Sikujua mkono wako unatetemeka. Krismasi uliuficha ndani ya shali, ukaniambia ni baridi, na mimi nikakuletea makaa. Kumbe Chebet aliuona kila Jumamosi. Mimi ulinipa mkono uliofunikwa, yeye ukampa ule wenyewe. Hicho ndicho ninachomwonea wivu, Mama, wala si vyungu. Namwonea wivu hata kwa maji uliyomwaga.

Nitakuambia na upuuzi wangu mwingine. Nilikoroga mbolea, nikamwagia chungu hapo hapo mdomoni, makusudi, Jumamosi baada ya Jumamosi. Chumvi imetoka, lakini imeshuka mstari mmoja ulionyooka, kwa sababu mkono wangu ni mzima. Yako ilikuwa imetapakaa huku na huku. Nimeukodolea macho ule mstari nikalia, halafu nikaenda kufungua duka.

Nimeamua hivi. Krismasi hii nitakirudisha chungu Kapkatet, nikiweke na wenzake sita ambao bado wana jasho lako. Sitavisugua, na atakayevigusa kwa waya tutaonana naye. Halafu nitamwomba Chebet akae kwenye kiti chako, ashike kikombe cha bati, anionyeshe mkono wako ulivyokuwa ukitetemeka. Najua nitamwonea wivu akinionyesha, lakini nakuahidi nitatazama mpaka kikombe kiishe.

Pumzika, Mama. Mikono uitoe nje ya shali sasa.

Mwanao,
Joyce