Maji ya Puani mwa Lomayani

Zakayo ndugu yangu,

Huko uliko najua hakuna wa kukuchekesha, ndiyo maana nakuandikia. Ni mimi Rama, fundi mageti wa Ngarenaro, niliyefika Mombasa na Lubumbashi nikarudi na meno yangu yote. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo mwandiko usiucheke.

Nina wivu, Zakayo. Unanichoma kuliko cheche za kuchomelea.

Kuna jamaa wa Kimandolu, Lomayani, muuza mbao. Aliugua ugonjwa wako uleule, ule ambao hata daktari alisema huuona kwa nadra: kauvimbe chini ya ubongo, viganja na miguu vinakua kama vya zimwi. Unakumbuka pete yako ya ndoa nilivyoikata, mkeo anamwagia maji ya baridi, wewe unauliza, "Rama, unakata pete au unakata ndoa?" Kidole hakikupata hata mkwaruzo. Nani mwingine Arusha hii angeweza?

Basi Lomayani naye walimpitishia vyombo puani kama wewe, wakautoa uvimbe bila kupasua fuvu. Akarudi mzima. Kila kona anasimulia, watu wanamnunulia kahawa. Mimi naitazama ile pua yake, najisemea: kwa nini ipone hii, isiwe ya Zakayo?

Yako ilianza kutona ukiwa umesharudi nyumbani, Momela. Wote tukasema mafua, si baridi ya mlimani? Shangazi yako akachemsha mkaratusi na mchaichai, ukainama juu ya sufuria, blanketi kichwani. Tulikuja kuelezwa tumeshachelewa. Yale hayakuwa mafua, yalikuwa maji ya ubongo, yanavuja pale walipotoa uvimbe. Kuinama kunayasukuma, na vijidudu vinapandia njia hiyohiyo. Homa ya uti wa mgongo ikakuchukua... basi.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita Lomayani kaja karakanani kuchagua geti. Kainama kutazama bawaba, pua ikatona, maji safi kama ya chupa. Akajifuta. "Mafua tu, fundi. Mama watoto ameshabandika sufuria, nikitoka hapa najifukiza."

Wewe sikufichi: wivu uliniambia, mwache akajifukize. Uliniambia kwa sauti yangu mwenyewe.

Halafu nikamkamata ukosi. "Hujifukizi! Maji ya ubongo hayo!"

"We fundi, umekuwa daktari lini?"

"Tangu nilipomzika Zakayo. Panda bajaji, kaa wima, na ukipenga kamasi nakuzaba kofi!"

Hospitali wakamlaza, wakamwekea mrija mgongoni kuyapunguza yale maji. Hayakukauka. Wakarudi puani na kipande cha mafuta ya pajani mwake mwenyewe, wakaziba tundu. Mafuta ya paja, Zakayo! Mimi nimeziba matangi ya kila aina, hilo sikuliwaza. Na yameshika. Mkewe sasa ananiita shemeji, ananishindilia makande mpaka nashindwa kuinuka.

Nayala huku roho inaniuma. Anapumua kwa sababu wewe ulitufundisha, na ada uliilipa peke yako.

Pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi nitamchunga yule mtu, asiiname ovyo, asijifukize, hata akizeeka na kunichosha. Na kila nikimwona nitamwonea wivu, mvi kwa mvi, maana wewe hukuniachia hata mvi moja ya kukuonea wivu.

Wako,
Rama