Siku Watoto Wote Walipopakwa Unga

Jumamosi, 2 Novemba

Joto tangu asubuhi. Mawingu yalijikusanya upande wa ziwa, mvua haikushuka. Nitaandika kwa mpangilio, kama kawaida yangu.

Leo watoto wa vigango vyote vya parokia wameandamana mjini Mbinga na mavazi ya kuigiza. Wengine watakatifu, wengine malaika wenye mabawa ya boksi. Kwa kuwa ni siku ya kuwaombea marehemu, kundi la binti yangu Skola liliigiza roho zao: shuka jeupe, uso na mikono kupakwa unga wa muhogo. Vijana wa kwaya walikuwa mashetani, wamevaa vinyago vya mpira walivyonunua Songea.

Skola ana miaka tisa na ana ualbino. Miaka yote nina utaratibu wangu: losheni ya jua, mikono mirefu, kofia pana ya bluu, na asitoke machoni pangu. Shule nampeleka, shule namfuata. Mwezi uliopita watu wasiojulikana walipita kijijini kwetu wakiuliza nyumba ya "mtoto yule". Tangu hapo silali vizuri.

Kwa wiki mbili aliniomba aandamane nao. Nilikubali kwa sharti la kofia.

Barabara ya soko ilijaa. Ngoma, filimbi, mashetani wakikimbiza watoto, watoto wakipiga kelele za furaha. Mwanangu sijawahi kumtafuta kwa shida. Penye watoto wengi, mweupe ni yeye.

Leo wote walikuwa weupe.

Jirani yangu, Mama Osmunda, alinipiga begani akicheka. "Mama Skola, leo pumzika! Hata shetani mwenyewe hamjui wako ni yupi!"

Sikucheka. Hata mimi sikumjua.

Kisha nikaiona kofia. Nilisukuma watu, nikamshika bega aliyeivaa. Aliyegeuka alikuwa mtoto mwingine.

"Shikamoo, mama. Kofia kanipa Skola. Anasema marehemu hawavai kofia."

"Yuko wapi?"

"Alikuwa hapahapa."

Shetani mmoja alipita amebeba mtoto wa unga mabegani, anakwenda haraka. Nilimkimbilia, nikamvuta kinyago kwa nguvu zangu zote. Alikuwa kijana wa sauti ya besi, anayenisalimia kila Jumapili. "Mama, vipi tena?" Mtoto akaanza kulia. Ni mdogo wake. Nilimkwaruza kijana wa watu shavuni na sikumwomba radhi. Nilikimbia.

Msafara uliishia uwanja wa kanisa, na watoto wa unga walipanga foleni bombani kunawa. Nikasimama pale. Sikuwa na pengine pa kwenda.

Wa kwanza akanawa, ukatokea uso wa mtoto wa fundi cherehani. Wa pili, simjui. Wa tatu, wa nne, wa tano, kila mmoja akitoka kwenye unga na rangi yake. Nilikuwa naomba bila maneno.

Wa sita akanawa, akajifuta kwa shuka, akabaki vilevile.

"Mama, mbona unalia? Hata zamu yako ya kunawa haijafika!" Wenzake wakacheka, na yeye akacheka kuwashinda. Nilimchapa kofi la mkononi. Kisha nikamkumbatia, nikilowa maji yake mbele ya watu.

Nikiri jambo moja. Alipoinua uso ule, furaha ilikuja ya pili. Kwanza nilitamani unga usingetoka.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alinisimulia. Anasema alishikana mikono na wenzake kutoka sokoni hadi kanisani, na hakuna aliyegeuka kumtazama yeye peke yake. Sasa anaomba Jumatatu aende shule na wale wasichana watatu wa jirani, bila mimi. Nikasema nitamjibu kesho baada ya misa.

Kesho nitaanza kwa kijana wa besi, nimwombe radhi.

Halafu Skola. Jibu ni ndiyo. Nimeliandika hapa kwanza kwa sababu mdomo bado unakataa kulisema.