Nilivyomwalika Baba Mkubwa Mara Mbili

Jumatatu, 8 Desemba

Nimepara sato wa mama wa kuuza. Nimefagia uani, nimechota maji. Tangu nimalize kidato cha nne siku zangu ni hizo.

Leo imeongezeka kazi. Jumamosi wakwe wanaleta ng'ombe wa mahari ya dada Nyangeta hapa kwetu Iringo. Baba alishafariki, kwa hiyo wa kuwapokea ni kaka yake, baba mkubwa Magesa wa Mugango. Asipokuja, wakwe watageuza na ng'ombe wao. Na ukoo wetu haualikwi kwa simu. Anatumwa mtu.

Mguu wa mama umevimba. Nimetumwa mimi. Mugango, kisha Butiama kwa shangazi na Bunda kwa mama mdogo. Mimi niliyenyoosha mkono darasani mara mbili kwa miaka minne.

Naogopa.

Jumanne, 9 Desemba

Mugango. Dagaa wameanikwa ufukweni, ziwa linang'aa mpaka macho yanauma. Baba mkubwa alikuwa mlangoni anashona wavu. Akanivutia kigoda. Sikukaa. Nilisema yote kwa pumzi moja, nimesimama, naangalia vidole vyangu vya miguu.

"Karibu kwanza ule," akasema.

Nikamwambia bodaboda ananisubiri. Nikakimbia.

Imekwisha! Sikulia hata kidogo.

Jumatano, 10 Desemba

Butiama. Mawe makubwa yamepandana vilimani, migomba, hewa ya baridi. Shangazi Wakuru amenikalisha na kunilisha kabla sijafungua mdomo. Nilipomweleza, akauliza kama nilikula kwa kaka yake. Nikasema hapana.

"Basi hujamwalika, mwanangu. Neno la mlangoni ni la mgambo anayedai ushuru."

Nilidhani ananitania. Jioni mama akapiga simu. Baba mkubwa anawaambia watu wa Mugango kwamba hakuna aliyemwita.

Nimelia nyuma ya jiko. Nimeharibu shughuli ya dada kwa aibu zangu za kijinga.

Shangazi amenifundisha. Kaa. Nawa. Kula. Usiseme neno mpaka uulizwe. Nimefanya mazoezi mbele ya mbuzi. Mbuzi akaondoka.

Alhamisi, 11 Desemba

Mugango tena. Nimekaa kwenye kigoda bila kuambiwa.

"Bodaboda wako leo kafa?" baba mkubwa akauliza. Nyumba nzima ikacheka. Nami nikacheka, sijui kicheko kilitoka wapi.

Ugali wa udaga, ule wa muhogo, na sato. Nikaongeza tonge, nikaongeza tena. Akasema, "Baba yako alikuwaga anakaa hapo hapo." Nikakata tonge jingine. Nikameza.

Ndipo akauliza, "Haya. Umekuja na neno gani?"

Sauti ilitetemeka kwenye jina la baba tu. Baada ya hapo ikanyooka. Nilimtazama usoni mpaka mwisho.

 Akamwita mama mkubwa: "Nitolee lile koti la shughuli lipigwe na jua."

Njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu kama kichaa.

Ijumaa, 12 Desemba

Bunda, kwa mama mdogo. Nimekula, nimeulizwa, nimesema. Atakuja.

Kurudi, mashamba ya pamba pande zote, ng'ombe wakavuka barabara taratibu, gari zima likawasubiri. Nilipofika kwetu nikapaza sauti: "Shusha!" Kondakta akaruka. "Dada, utanipasua masikio!"

Zamani nilipitilizwaga vituo.

Jumamosi, 13 Desemba

Wamekuja! Baba mkubwa alifika kabla ya wote, ndani ya koti, jua kali hivyo. Ng'ombe wakashushwa kwenye lori, mmoja akatafuna kanga ya jirani kwenye kamba. Watu wakajaa mpaka barabarani.

Mshenga akauliza nani anapokea. Baba mkubwa akasimama. "Napokea mimi. Na aliyeniita ni huyu." Akaninyooshea fimbo. Mbele ya Iringo yote.

Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi Wakuru alizidi wote. Sikuangalia chini. Dada Nyangeta alinikumbatia mpaka kilemba chake kikaanguka.

Nimeshinda. Naandika tena: nimeshinda.

Jumapili, 14 Desemba

Nimepara samaki. Nimefagia samadi uani.

Baba mkubwa bado amelala. Koti lake amelitundika kwenye msumari wa baba, ulikuwa mtupu tangu msiba. Mama ameliona. Amechemsha chai, akaongeza kikombe kimoja.